Mzinga wa Nyuma

Mzee Shemdoe alibandika mzinga wa mwisho kwenye manowari yake, mfano mdogo wa meli ya vita ya Wajerumani wa zamani. Kwa miaka mitatu aliyoijenga, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe, Nakijwa, aliitoa vumbi kwa kuipuliza tu.

Nakijwa akainama, akaona. Mzinga wa nyuma haukutazama baharini, ulikilenga kisanamu cha nahodha sitahani. Gundi ilikuwa inaanza kukauka, na kumwambia mzee macho yamekwisha ni kumvua nguo.

“Kitendawili, Baba Elinami.”

“Tega.”

“Nina mlinzi, bunduki kamwelekezea mwenye nyumba.”

“Huyo kalewa,” mzee alicheka. Kidole chake kikatambaa kwenye sitaha, kikaupapasa mdomo wa mzinga, kikatulia hapo.

“Umejua tangu lini kwamba sioni?”

“Tangu ulipoliamkia koti langu ukutani.”

“Nami nikasema umenuna, huitikii.”

Akapapasa meza, akaokota kibano, akamnyooshea. “Geuza wewe, mama. Taratibu.”

Nakijwa alifuta mikono kwenye kanga mara mbili, akakishika. Mzinga ukaanza kunyanyuka, na gundi ikavutika nyuma yake, uzi mwembamba usiokatika.