Lango Jembamba

Kwa miaka mitatu Makame aliliunda gari lake uani, injini wazi, paa limekatwa, kwa vipande vilivyoingia kimoja kimoja. Asubuhi ya kulitoa, alipima lango, akapima tena, akaketi chini. Gari zima lilizidi lango kwa shubiri. Na ukuta wa pembeni ulikuwa wa jirani, Bi Mize, aliyemgombeza kila siku kwa kelele za nyundo.

Bi Mize akatokea na sururu begani.

"Fundi mzima, hukupima lango?"

"Nisamehe, mama."

"Shika, bomoa ukuta wangu. Kelele nimezivumilia mimi, leo nataka kuziona zikitembea."

Makame aliipokea sururu kwa mikono miwili, akaanza kubomoa. Tofali la mwisho lilipoanguka, aligeuka. Bi Mize alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha mbele cha gari, kanga ameikaza kichwani, akiitazama barabara.