Mkono wa Ogari

Kwa siku mbili Ogari hakuuacha mkono wake wa kushoto uguse kitu. Alipolala aliuwekea mto wake peke yake. Asubuhi aliingia shambani na kuchuma chai kwa mkono mmoja, wachumaji wenzake wakacheka hadi vikapu vikayumba migongoni mwao.

"Huko mkononi umebeba yai?" mmoja alimuuliza.

"Nimebeba harusi yangu," alijibu, na hakuwa akitania.

Aliondoka Magwagwa miaka miwili kabla ya hapo, akimwahidi mchumba wake Jacinta kwamba angerudi baada ya muda mfupi. Hakupiga simu wala kutuma salamu. Siku aliyorudi alirudi na kisa. Alikuwa Baringo akichimba visima, usubi wa kwenye vichuguu wakamuuma, akashikwa na homa ya kala-azar. Tumbo likafura, miguu ikabaki mifupa, simu ikapotelea hospitalini, na hospitali yenyewe ikawa ndiyo nyumba yake. Alikisimulia vizuri kiasi kwamba waliokuja kumgombeza walirudi makwao wakipangusa machozi.

Hata Jacinta alilia. Aliyebaki na macho makavu ni mama yake, Mong'ina.

"Homa hiyo nasikia hujificha mwilini," alisema. "Sitaki binti yangu aolewe na mgonjwa."

Wiki hiyo hiyo muuguzi mmoja kutoka upande wa ziwa, Anyiko, alifika zahanati ya hapo pamoja na watafiti wa chanjo. Walitaka watu waliowahi kuugua kala-azar, wakapona, wakarudi kuishi milimani ambako hakuna usubi wa ugonjwa huo. Jacinta mwenyewe ndiye aliyempeleka Ogari.

Ogari alimsalimu muuguzi kwa Kijaluo. Si salamu tu. Alimtania, akataja samaki kwa majina yao ya ufuoni, hadi Anyiko akashika ukuta kwa kicheko.

"Kaka, lugha yetu umeitoa wapi?"

"Kutembea, dada yangu. Kutembea tu."

Jacinta naye alicheka, lakini kidogo.

Kisha Anyiko akaanza kueleza kazi yake: angedunga chini ya ngozi tone la viini vya kala-azar vilivyokwisha kuuawa, halafu mkono utazamwe baada ya siku mbili. Maelezo yalikuwa marefu. Ogari alitia sahihi kabla hayajafika katikati, akakunja shati. Jacinta ndiye aliyesikiliza hadi neno la mwisho, kisha akamvuta muuguzi pembeni na kumuuliza swali moja.

Mong'ina hakuhitaji maelezo ya mtu. Aliwahi kuona jirani akipimwa kifua kikuu.

"Ni kama kile kipimo cha kifua," alitangaza nyumbani. "Mkono ukivimba, anao ugonjwa. Usipovimba, wazee wake walete ng'ombe Jumapili."

"Sawa, mama," Jacinta alisema. "Tuungoje mkono."

Siku ya kusomwa mikono ilipofika, Anyiko alikuja nyumbani kwa Mong'ina, akaanza na Anyona, kaka yake Mong'ina, aliyekuwa ameketi sebuleni. Zamani alikuwa dereva wa lori, na kala-azar ilimlaza huko huko Baringo kabla Jacinta hajazaliwa. Naye alidungwa siku ile ile aliyodungwa Ogari. Mkono wake ulikuwa umeinuka kama nusu ya ndimu, mwekundu na mgumu.

Anyiko aliupima kwa rula, akaupima tena, akamshika mzee kwa mikono miwili kama anayempongeza. Akamwomba awape damu, akampa na soda.

"Maskini kaka yangu," Mong'ina alinong'ona. "Wanambembeleza."

Ilipofika zamu ya Ogari, Mong'ina alisimama kwenye mlango wa jikoni na kunyoosha shingo. Kwa heshima ya mkwe hakuweza kumkaribia, sembuse kumgusa.

"Kaka, umshike wewe," alimwagiza Anyona. "Unasemaje?"

Anyona alipapasa. "Laini kama jani la mgomba."

Mong'ina alipiga vigelegele, majirani wakamjibu kutoka ng'ambo ya ua. Kuku aliyekuwa akifugwa kwa ajili ya Krismasi aliingia sufuriani kabla chai haijapoa. Ugali wa wimbi ukaletwa, mboga ya chinsaga ikaletwa, na Jacinta mwenyewe akamwekea Ogari paja.

"Niliwaambia," Ogari alisema huku akinawa. "Baringo ilinishika, lakini nikaishinda. Haikuacha hata alama."

Anyiko hakuwa amekaa bado. Aliuomba ule mkono, akausogeza dirishani, akapitisha kidole taratibu. Akautazama na wa kulia.

"Una hakika nilidunga huu?"

"Huo huo, dada yangu. Nimeutunza kama mtoto."

"Basi sitahitaji damu yako, kaka," alisema, akifunga mkoba wake. "Aliyeugua kala-azar akapona, mwili wake huikumbuka, na mkono huvimba kama wa mzee hapa. Huu wako haujawahi kukutana nayo."

Jacinta aliinua sahani yenye paja, akaiweka mbele ya mjomba wake.

"Sasa, Ogari," alisema kwa upole, "huyo wa kule ziwani aliyekufundisha Kijaluo, anaitwa nani?"