Konokono wa Ncha ya Kamba

Hapo kamba ilipokuwa bado ndefu, wadudu wadogo kama punje ya hamira waliishi juu yake. Nyenje, mpenda kuimba, alikaa nchani kabisa, na juu yake alilala Konokono. Kila Nyenje alipofungua kinywa, Konokono alimgandamiza.

"Shii! Huku mwisho hakuimbwi."

Siku moja Nyenje alidanganya. "Mzee, kule katikati kamba imechanika. Wanakuita."

Konokono, asiyekataa wito, akajikokota kwenda. Nyenje akaimba mpaka Mchwa mwenye njaa akasikia, akaja, akaanza kuitafuna ncha.

"Unakula nyumba yangu!"

"Kumbe ni nyumba? Miaka yote nikipita hapa naona konokono tu."

Konokono aliporudi akaifunika ncha, na Mchwa, asipoona tena pa kutafuna, akaenda zake. Lakini pale walipozoea kukaa palikuwa hewa tupu, na kipande kilichobaki kiliwatosha kwa kubanana. Nyenje akajiingiza mwenyewe chini ya tumbo lile baridi, akizikumbuka asubuhi zote alizozilaani.

"Mzee," akanong'ona, "niambie tena ile shii yako."