Ikiwaka, Mtaona

Testa ya umeme iliwaka vizuri kwenye soketi, lakini kompyuta ya marehemu Matar ilikuwa kimya. Fundi Anwar akabonyeza swichi tena. Feni haikuzunguka, taa haikuwaka.

"Vipi, fundi?" Jawad aliuliza kwa mara ya tano. Alikuwa mdogo wa marehemu, na tangu asubuhi alikaa mkekani akimkodolea Anwar macho utadhani yeye ndiye aliyeiharibu.

"Vuta subira, kaka. Umeme upo, haufiki ndani tu."

Mlango wa chumbani ulikuwa na pazia zito. Nyuma yake alikaa mjane, Bi Bahiya, wiki ya tatu ya eda. Anwar hakutakiwa kumwona. Chini ya pazia aliona vidole tu, vikipapasa fundo la khanga bila kutulia. Akamwonea huruma.

Mtaa mzima pale Mtoni ulijua ugomvi wao. Jawad alidai nyumba ni ya baba yao, kaka yake alikabidhiwa kuitunza tu. Bi Bahiya alisema mumewe amempa yeye. Naye Matar, siku mbili kabla ya kufa, aliwaambia wote wawili: "Habari ya nyumba nimeiandika kwenye kompyuta."

"Ikiwaka, mtaona wenyewe," sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Mie sina wasiwasi. Ila kama imekufa, fundi, sema imekufa. Usijitese bure, mwanangu."

"Haijafa, mama. Nipe muda."

Anwar alikwisha kupania. Mama yake mwenyewe alitolewa nyumbani na shemeji zake, eda haijaisha, hata sufuria hawakumwachia. Leo, wallahi, haitokei tena mbele ya macho yake.

Akafungua kasha, akapuliza vumbi, akakaza nyaya moja moja. Wapi! Jasho likamtiririka. Mwisho, kwa aibu, akaikumbuka plagi, kitu ambacho hata mwanafunzi wake angeanza nacho. Skrubu yake ilikuwa imechubuka kichwa, kama iliyofunguliwa kwa ncha ya kisu. Ndani, pa kukaa fyuzi palikuwa patupu.

Damu ikamchemka. Akamgeukia Jawad.

"Nani ameichezea hii?"

"Mie nitajuaje? Tangu tuzike, leo ndiyo nakanyaga humu. Shemeji alikuwa hataki hata nipite barazani."

Mwongo mkubwa, Anwar alijisemea. Hakutaka hata kumtazama usoni.

Pembeni palikuwa na pasi. Akafungua plagi yake, akachomoa fyuzi, akaipachika kwenye plagi ya kompyuta. Akasema bismillahi, akabonyeza.

Mashine ikalia pii. Feni ikavuma, na maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo. Jawad akainuka mkekani.

Anwar akapiga makofi. Furaha ilimjaa hadi machozi yakamlengalenga.

"Mama! Imewaka! Haki yako hii hapa, sasa wasome wenyewe!"

Chini ya pazia, vile vidole viliachia fundo la khanga, kitu kidogo kikadondoka sakafuni, kikabingirika polepole mpaka kikagota kwenye mguu wa fundi.

Ilikuwa fyuzi.