Sufuria ya Shughuli

Wifi yangu alikuja kuazima sufuria kubwa, ile ninayopikia shughuli zote za ukoo tangu niolewe.

"Ya nini?"

"Ya kesho," akajibu, macho yakiwa kwenye pazia. "Tunamwoza mdogo wetu. Tukaona tusikusumbue, wifi, na maumivu yako hayo."

Kesho. Basi vikao vyote vilikwisha, na mimi nipo nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Niwekeeni hata kiti," nikasema. "Kitunguu saumu nitamenya nimekaa. Sijafika hata sitini, mnanizika?"

"Wewe pumzika. Sahani yako tutakuletea." Alisema kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto asile udongo.

Nikakamata kishikio cha sufuria. "Haitoki humu bila mimi."

Wifi hakubishana. Aliivuta taratibu tu, upande wake. Vidole vyangu, vilivyovimba na kupinda kama tangawizi, vilikataa kufumba. Sufuria ikanitoka kana kwamba sikuwa nimeishika.

Tukatazama mkono wangu, ukiwa bado umenyooshwa.

Akajitwika sufuria. Mlangoni akageuka.

"Na mfuniko?"

Nikamwonyesha kwa kidevu.