Koni Imeinama

Jirani anasema nilisinzia, moto ukafa, ndiyo maana vyungu vya mjomba vimepasuka. Anavyosimulia, utadhani alilala ndani ya tanuri.

"Mrudishe kwao akalale vizuri," anamwambia mjomba mbele ya wateja.

Nikaingiza mkono tanurini, nikatoa koni, kile kijipande cha udongo chenye ncha tunachokisimamisha kati ya vyungu ili kiiname moto ukitosha. Kilikuwa kimeinama mpaka ncha imegusa chini.

"Moto ulitosha," nikasema. "Vyungu vimepasuliwa na upepo wa baridi. Mjomba, tafadhali waambie nani alifungua mlango wakati tanuri bado la moto."

Mjomba akawa anapuliza lengelenge kidoleni mwake.