Mjomba kutoka Kolwezi

Arsène alianza kulia hatua ishirini kabla ya kulifikia turubai la msiba. Ukianzia mlangoni, alimfundisha mkewe, watu wanaona unavyojilazimisha. Ukija unalia tangu njiani, hakuna wa kukuuliza kitu.

Clémentine alimfuata nyuma, kitenge kichwani, uso chini. Hakuwa na haja ya kuigiza. Aibu ilimtosha.

Mume huyu, nisimfiche, alikuwa bahili wa kujisifu. Kule Kolwezi mtaa mzima ulikwisha kariri masomo yake ya kutembea kwa bei ndogo. Usisafiri mkesha wa sikukuu, dereva atakukamua. Chemsha mayai nyumbani. Simu chajia kwa watu. Na kubwa kuliko yote: usilipie chumba wakati watu wanakufa kila siku. Tafuta matawi ya mitende yaliyosimikwa kando ya njia. Hapo kuna kilio, na penye kilio kuna chakula, mkeka na mtu wa kukuambia pole. Alikwisha lala hivyo Fungurume, akalala hivyo Lubumbashi, na mara zote mbili akarudi amenenepa.

Safari hii alimchukua mkewe. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa Clémentine alikuwa ameomba kitu kimoja tu: afike Mwadingusha, asimame pale maji yanapoanguka, ayasikie kwa masikio yake. Leo walale Likasi, kesho alfajiri wakodi gari. Pesa ya gari ilikuwepo. Pesa ya gari na ya chumba, hapo ndipo bwana alipokuna kichwa.

Kabla ya machozi, Arsène alikuwa amesimama kwenye kona, akanunua mikate miwili kwa mama mmoja na kumchimba. Aliyekufa ni Eddy, kijana wa miaka ishirini na miwili. Hakuugua hata siku moja, alianguka tu.

"Na mama yake?" aliuliza Arsène.

"Marlène? Ule alikufa zamani. Kwa upande ya mama, hakuna hata muntu moja alikuya. Iko tu mujomba yake moja, wa Kolwezi. Ndiye banamungoya."

"Banamuyua sura?"

"Hapana. Tangu Eddy iko kitoto, hayafika hapa." Mama yule akashusha macho, akaanza kupanga mikate ambayo ilikuwa imekwisha pangwa.

Arsène alimshukuru Mungu kwa sauti. Mjomba, tena wa Kolwezi! Hata uongo wenyewe ulikuwa umeandaliwa, kilichobaki ni kuuvaa.

"Na mwenyewe akifika?" alinong'ona Clémentine. "Non, Arsène. Batatufukuza mbele ya bantu."

"Muntu hayafika siku tatu, atafika leo? Weye lia tu."

Getini alisimama kijana mwenye mabega mapana. Aliitwa Hervé, kaka wa marehemu kwa upande wa baba.

"Papa, weye ni nani yake?"

"Mujomba yake! Ndugu ya Marlène!" Arsène alijitupa chini, akagaragara. "Eddy, mutoto yangu, uliniacha na nani?"

Kilio chote kilinyamaza. Wanawake waliacha wimbo katikati. Clémentine alipitisha macho kwenye nyuso zile, akingoja yule mmoja atakayesema: huyu simjui. Hervé aliinama, akamwinua Arsène kwa mikono miwili, akampangusa vumbi magotini.

"Wa Kolwezi?"

"Wa Kolwezi, mutoto yangu."

"Merci, mujomba. Merci ya kukuya."

Wakapewa viti vya ndani kabisa, kwenye ukuta wa nyuma. Kijana mmoja alipokea mfuko wao, mwingine akapokea simu, eti azitie moto, yaani azichaji. Ikaja sahani ya bukari, ugali wa kwao, na paja zima la kuku. Hakuna aliyenawa kula pamoja nao. Wazee walianza kuaga mmoja mmoja. Kina mama wakakusanya watoto wao, wakatoka bila kugeuka nyuma, ingawa ilikuwa saa kumi tu na jua lingali kali.

"Banatupatia nafasi tupumuzike," alisema Arsène. "Mujomba si muntu mudogo."

Walibaki vijana. Wawili waliingia na kidumu cha njano, na harufu ya petroli ikatangulia mbele yao.

"Unaona?" Arsène alisema, mdomo umejaa. "Beko na groupe. Jenereta, mama! Taa, simu, byote bure. Kesho saa kumi na mbili tuko njiani."

Na kwa mara ya kwanza tangu waondoke Kolwezi, Clémentine alitabasamu. Alijiona amesimama kule, kanga yake imelowa kwa manyunyu.

Hervé alikuja akachuchumaa mbele yao. Nyuma yake geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

"Umeshiba, mujomba?"

"Nimeshiba, mutoto yangu."

"Pasta alituambia siku ya kwanza. Ni mujomba wa Kolwezi alimukula Eddy mu bulozi, mu uchawi yake. Alisema: musimutafute, atakuya yeye mwenyewe, na atalia kupita bote."

Clémentine aliruka wima. Akapiga kelele kwamba wao si ndugu wa mtu yeyote pale, kwamba walikuja vakansi tu, kwamba walitaka kuyaona maji. Alilia sasa, machozi ya kweli, na vijana wakatazamana kama watu wanaohakikishiwa jambo.

Arsène hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye kile kidumu.

"Ile... ni ya groupe?"

"Hapa hatuna groupe, mujomba."